Kadi ya Kwanza ya Mkopo na Laini ya Mjomba

Mada iliyotolewa katika semina ya vijana wafanyabiashara, Bwera, wilaya ya Kasese

Utangulizi



Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze namna kijana anavyoweza kuchagua kadi yake ya kwanza ya mkopo. Nitaeleza, maana nimetumwa. Lakini naomba radhi mapema kwamba sehemu kubwa ya mada hii itahusu jambo ambalo barua haikulitaja, na ambalo nimekuwa nikigombana nalo tangu nilipoanza kazi ya afisa mikopo katika chama cha akiba na mikopo. Maoni yaliyomo humu ni yangu. Chama kilichonituma kisibebeshwe maneno yangu.

Maana ya maneno

Kadi ya ATM hutoa pesa yako mwenyewe. Kadi ya mkopo hutoa pesa ya benki, nawe unairudisha baadaye. Wengi wenu mna ya kwanza na mnadhani ni ya pili. Riba ni bei ya pesa uliyokopeshwa. Mdhamini ni mtu atakayelipa ukishindwa, ingawa mdhamini huwa hajui hivyo hadi siku anapopigiwa simu. Taarifa ya mkopo ni historia yako: ulikopa wapi, kiasi gani, ulirudisha lini. Hapa Uganda historia hizo zilianza kukusanywa mwishoni mwa mwaka 2008, kampuni ya kwanza ya taarifa za mikopo ilipofungua milango chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Tusonge mbele.

Kadi yenyewe

Ukiwa umeajiriwa, tuseme hospitalini hapa Bwera au kiwandani Hima, na mshahara wako unapitia benki, unaweza kuomba kadi ya mkopo. Uliza mambo manne kabla ya kutia sahihi: ada ya mwaka ni kiasi gani, siku ngapi unapewa kabla riba haijaanza, riba ya mwezi ni asilimia ngapi, na kutoa pesa taslimu kwa kadi hiyo kunatozwa nini. Ukipewa nafasi ya kulipa kiwango cha chini kila mwezi, usikipende. Kiwango cha chini ndicho kinachomlisha mkopeshaji. Kwa anayeanza, benki ikikubali kumpa kadi inayolindwa na akiba yake mwenyewe, hiyo ni bora, kwani deni haliwezi kuzidi alichokiweka.

Lakini tuseme kweli. Nani humu ndani atalipia kadi wapi? Katika soko la Mpondwe hapa mpakani, siku za Jumanne na Ijumaa, vitenge, samaki wa chumvi, maharage na mafuta ya mawese hubadilisha mikono kwa shilingi, faranga na dola, na sijaona meza yenye mashine ya kadi. Mkopo wa kwanza wa kijana wa Bwera hauji kwa kadi. Huja kwa mali kauli kutoka kwa mama anayeuza jumla, kwa bodaboda inayolipiwa kila wiki huku kadi ya pikipiki ikifungiwa kwenye droo ya mwenye mali, au kwa simu. Na simu ndiyo iliyonileta kwenye mada yangu.

Laini ya mjomba

Mwezi Agosti 2016, MTN pamoja na benki iliyoitwa wakati ule Commercial Bank of Africa walianzisha MoKash, huduma ya akiba na mikopo kwa simu. Ghafla kijana asiye na shamba, asiye na mshahara, aliweza kukopa kuanzia shilingi 3,000 bila kumpigia mtu magoti. Ada ilikuwa asilimia 9 kwa siku 30. Ukikopa 50,000 unarudisha 54,500, na ukivuka siku hizo ada nyingine inakufuata. Ili ukubaliwe, laini yako ilipaswa iwe imetumia pesa za simu kwa miezi sita. Maana yake, mashine ilikuwa inakutazama: unapokea, unatuma, unalipa. Biashara yako ya kila siku ikawa dhamana yako.

Sasa swali. Hiyo laini ni ya nani?

Mwezi Aprili 2017 Tume ya Mawasiliano iliamuru kila laini ithibitishwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Siku saba zilitolewa, zikaongezwa hadi Mei, kisha hadi tarehe 30 Agosti. Kitambulisho chenyewe hutolewa kwa aliyefikisha miaka 16. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2003 alikuwa na miaka 13 au 14 amri ilipotoka. Simu alikuwa nayo, kwani mama yake alimtuma sokoni nayo, ila kitambulisho hakuwa nacho. Wakafanya nini nyumbani? Wakamwita mjomba. Mjomba akatoa kadi yake, laini ikasajiliwa, maisha yakaendelea. Mjomba mmoja mwenye roho nzuri aliweza kubeba laini za ukoo mzima.

Yule mtoto leo amepita miaka 20. Ana kibanda, ana wateja Kasindi na hata Beni, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, anapokea pesa kila siku. Historia yote hiyo, miaka yote ya kupokea na kulipa bila kuchelewa, imeandikwa kwa jina la mjomba. Yeye mwenyewe, akija ofisini kwangu na kitambulisho chake kipya, ni mgeni kabisa. Mashine inamwona kama aliyezaliwa jana.

Na kuna upande wa pili ulio mchungu zaidi. Mjomba akikopa na asilipe, mzigo unafuata namba ya kitambulisho, si mkono ulioshika simu. Kijana akitaka kuongezewa kiwango anaambiwa ana deni. Mjomba akifariki (nimeona hili zaidi ya mara moja), pesa iliyomo kwenye laini ni mali ya marehemu, na kijana anaanza safari ya mirathi ili apate mtaji wake mwenyewe.

Mtaniambia abadilishe laini. Nami nilisema hivyo kwa miaka miwili, nikijiona mwerevu. Kisha nilimsindikiza dada mmoja muuza vitenge hadi ofisi moja ya Kasese mjini ambayo sitaitaja. Tulikuwa na mjomba mwenyewe, vitambulisho viwili, na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mara ya kwanza tuliambiwa mtandao haupo. Mara ya pili, jina la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye kadi na kwenye barua. Mara ya tatu mjomba alikataa kuja, na mimi simlaumu. Kutoka Mpondwe hadi Kasese mjini ni zaidi ya kilomita 50, na nauli ilikuwa yetu mara mbili tu. Dada yule bado anatumia laini ileile.

Kuhusu majina niseme neno, kwa sababu wageni wetu wa mjini huwa wanacheka. Sisi Bakonzo tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mumbere, Baluku, Bwambale, Masereka. Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Ukisimama hapo barabarani uite Baluku, watageuka kumi. Ndugu zetu Banande wa upande wa pili wa mpaka wana Paluku, na ni jina lilelile. Ni majina mazuri, yanakueleza nafasi ya mtu katika nyumba yake, lakini hayakutungwa kwa ajili ya daftari la benki. Nimewahi kumkatalia kijana mkopo kwa deni la jina mwenzake. Niligundua baada ya wiki tatu. Nilimwomba radhi, akanyamaza, akaenda kukopa kwa mtu wa riba.

Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba kampuni ya taarifa za mikopo ilipoanza 2008, kitambulisho cha taifa hakikuwapo, na kila mkopaji wa benki alitengenezewa kadi ya fedha yenye alama za vidole. Wakati ule wenye benki walijua kwamba jina pekee halimtambulishi mtu. Tulipopata kitambulisho mwaka 2014 tulidhani tatizo limekwisha. Kumbe tulilihamishia kwenye laini.

Ongezeni mambo ya huku kwetu. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013, na yale ya Mei 2020 mito ilipofurika tena, yaliondoka na nyumba pamoja na makaratasi yaliyokuwamo. Na mpakani, kijana ambaye baba yake yuko Kasindi huulizwa maswali mengi kabla ya kupewa kitambulisho. Sisemi maswali hayo hayana sababu. Nasema kila mwezi wa maswali ni mwezi mwingine kwenye laini ya mjomba.

Mema yasiyoandikwa

Kuna jambo lingine, ambalo ni ndugu wa hilo la laini. Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vile vya sanduku lenye kufuli tatu, vijana hurudisha mikopo kwa uaminifu ambao benki ingeutamani. Juu huko Kyarumba, ushirika wa Bukonzo Joint ulijengwa na wakulima wa kahawa, wengi wao wanawake, walioanza na akiba ndogondogo. Lakini marejesho ya sandukuni yanabaki kwenye daftari la katibu. Hayafiki kwenye taarifa za mikopo. Deni la simu la shilingi 20,000 hufika.

Sheria ya taarifa za mikopo ilianza kulegea. Marekebisho ya mwaka 2016 na kanuni za mwaka 2022 zilifungua mlango ili hata vyama kama chetu vipeleke taarifa. Mlango uko wazi, wanaoingia ni wachache. Kupeleka taarifa kunataka kompyuta, mtu wa kuiendesha, na majina yaliyonyooka. Tunarudi kulekule.

Mapendekezo

Kwa vijana, pendekezo langu kuu ni moja nalo nitalirudia: hakikisha laini unayofanyia biashara imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama si yako, nunua mpya kwa jina lako leo, uitumie sambamba na ile ya zamani kwa miezi sita, ukiwahamisha wateja polepole. Usiizime ya zamani kwa hasira, utapoteza wateja. Ukiwa tayari, ihame. Kopa kidogo kwa laini yako mpya, kwa jambo linalozalisha, urudishe kabla ya siku. Usikope kwa simu ili kulipa deni la simu. Na usimpe mtu kitambulisho chako asajilie laini, hata akiwa mpwa wako unayempenda. Wewe ndiye mjomba wa kesho.

Mnaokopa kwa watu wa riba, mjue kwamba tangu mwaka 2024 kiwango cha juu kwa mkopeshaji mwenye leseni ni asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka. Anayekutoza asilimia 20 kwa mwezi anavunja sheria. Anayekushikia kitambulisho cha taifa au kadi ya ATM kama dhamana naye anavunja sheria. Na kitambulisho kikikaa kwenye droo ya mtu, utasajilije laini?

Kwa vyama vya akiba na mikopo, pamoja na changu: tuandike namba ya kitambulisho kwenye kila fomu, si jina peke yake. Tupeleke taarifa za wanaolipa vizuri, si za wanaoshindwa tu. Fomu ziwe kwa lugha anayoielewa mkopaji. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, ila fomu zetu hazijapata habari.

Kwa wanaouza bodaboda kwa awamu: mpeni kijana stakabadhi ya kila rejesho. Karatasi 50 zenye tarehe ni historia ya mkopo, hata kama hakuna kompyuta iliyoiona. Mimi nikiletewa nitazipokea.

Kwa mitandao ya simu na wasajili wa vitambulisho, kwa heshima zote: wekeni siku moja kwa mwezi ambapo wote wawili mnakaa meza moja hapa Bwera, ili mjomba na mpwa wabadilishane laini bila kupanda gari. Nimeandika barua ya ombi hili mara tatu. Sijajibiwa, nami sitachoka.

Kwa mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, unaompa mnufaika shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka na kuwatengea vijana asilimia 30: pesa zinapitia pochi ya simu iitwayo Wendi. Viongozi wa parokia, kabla hamjatangaza majina, ulizeni laini ni ya nani. Nimeshalisema, nalirudia kwa sababu huku ndiko pesa zitakakopotelea.

Kwa wanaoandaa semina: mwaka ujao msiniombe mada ya kadi ya mkopo.

Ndugu mwenyekiti, nimepitiliza muda. Walioleta kitambulisho na simu, meza iko nje chini ya mwembe, na mawakala wawili wa laini wamekubali kukaa hadi saa kumi. Tutaanza na waliotoka Kyarumba, kwa kuwa gari lao linaondoka saa nane.