KUMBUKUMBU ZA MJI NI MALI YA WOTE
Mazungumzo na viongozi wa walei, Chokocho



Ndugu wapendwa, huenda mkashangaa kwamba Tume ya Haki na Amani inazungumza juu ya sanamu, minara na majengo ya kale. Lakini kila kinachosimamishwa mahali pa watu wote kimelipiwa na mtu na kuamuliwa na mtu. Penye fedha na uamuzi, pana suala la haki.

Tuanzie Dar es Salaam. Wajerumani walisimamisha huko sanamu ya gavana wao wa zamani, Wissmann. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 iliondolewa, na mwaka 1927 wakaweka Sanamu ya Askari iliyopo mpaka leo. Askari yule ni Mwafrika. Hata hivyo, uamuzi ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Mwenyeji aliheshimiwa kwa shaba pasipo kupewa sauti.

Sasa tuje Unguja. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, enzi ya Sultani Barghash. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji wenyewe ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwaka 2012 sehemu ya jumba hilo ilianguka. Baadaye Oman ilitoa fedha za kulikarabati. Kazi ikiendelea, siku ya Noeli ya mwaka 2020, upande mkubwa ukaporomoka, na mafundi wawili wakafa. Jina kubwa lilikuwapo, na mfadhili alikuwapo. Lakini matunzo yaliyochelewa hayafidiwi kwa urahisi. Mali ya umma isipotunzwa, anayelipa mwisho ni maskini aliyetumwa kuitengeneza.

Je, haya yanatuhusu sisi wa Chokocho? Yanatuhusu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikija Pemba, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Tuseme kesho lingetolewa wazo la kuweka nguzo ya kumbukumbu yao hapa pwani. Yatupasa kuuliza maswali matatu.

Kwanza, nani ameulizwa? Wafiwa watangulie, na wengi wao ni ndugu zetu Waislamu. Alama isiyoheshimu imani yao haiwezi kuwafariji.

Pili, fedha inatoka wapi? Ikiwa ni ushuru unaokusanywa na Baraza la Mji Mkoani, basi ni jasho la mvuvi na la mama muuza samaki. Hesabu zisomwe hadharani. Ikiwa ni msaada, masharti yake yajulikane.

Tatu, nani ataitunza baada ya sherehe ya ufunguzi? Bajeti isiyo na fungu la matunzo ni ahadi nusu.

Kanisa hufundisha kanuni ya auni: lile ambalo jumuiya ndogo yaweza kulitenda, mkubwa asiwanyang'anye, bali awasaidie. Kwa hiyo, tusingoje kualikwa kukata utepe. Twendeni kwa sheha, tuhudhurie mikutano, tuulize kwa adabu na bila woga. Kuuliza si uasi. Ni wajibu wa raia na wa Mkristo.

Marehemu hawadai mnara mrefu. Wanadai ukweli, na meli zisizopakia kupita kiasi. Nguzo isiyotukumbusha hayo ni jiwe tu.