Kulipa Mara Mbili kwa Kitu Kimoja: Jibu kwa Vijana wa Kibanda cha Gemu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana mjini Songea baada ya Sala ya Alasiri)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad (s.a.w.), tunapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo baadhi ya wazee wataliona dogo, nalo ni michezo ya video, ambayo watoto wetu huiita gemu. Mzee wetu mmoja alituuliza kabla ya sala: je, msikiti umekosa mambo ya kuzungumza? Hatukumlaumu. Lakini swali limeletwa na vijana watatu wa Bombambili, nao wameliuliza kwa adabu na kwa kumcha Mungu, na mwenye kuuliza ana haki ya kujibiwa.

Vijana hao wana kibanda. Ndani mna televisheni mbili na mashine mbili za PlayStation zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, na wateja hulipa kwa kila mechi. Mtaji ulitokana na mahindi: baba wa mmoja wao aliuza magunia yake akampa mwanawe fedha. Sasa wateja wanadai mpira wa mwaka huu, wenye wachezaji waliohama timu, wala fedha ya kuununua haipo. Fundi mmoja amejitolea kuzifungua mashine zao na kuwajazia gemu za kunakili kwa bei ndogo. Wanauliza hivi: kampuni hizi hutuuzia kitu kilekile kila mwaka, na bei zao hazikomi kupanda, je, hatuna ruhusa ya kuchukua nakala bila ya kuwalipa?

Kwanza tukiri kwamba malalamiko yao yana msingi. PlayStation 2 ilipoingia Marekani mwaka 2000 iliuzwa kwa dola 299, na kufikia mwaka 2009 ilikuwa imeshuka hadi dola 99. Hiyo ndiyo ada ya vitu. Huzeeka, na bei hushuka. PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na mwezi Agosti 2025, ikiwa na umri wa karibu miaka mitano, bei yake huko huko Marekani ikapandishwa hadi dola 549. Gemu ya Mario Kart World ya Nintendo ilitoka Juni 2025 kwa dola 80, yaani zaidi ya shilingi laki mbili kwa thamani ya wakati ule. Na waliokuwa na gemu za mashine ya zamani ya kampuni hiyo walitakiwa, kwa baadhi ya gemu hizo, waongeze dola 10 au 20 ili wazipate katika sura bora zaidi kwenye mashine mpya. Gemu ya The Last of Us iliuzwa mwaka 2013, ikang'arishwa na kuuzwa tena mwaka 2014, kisha ikatengenezwa upya na kuuzwa mwaka 2022 kwa dola 70. Kisa ni kilekile. Mkulima wetu anaifahamu tabia hii kwa jina la lumbesa: gunia limekwisha kujaa, bei imekwisha kukubaliwa, kisha mwenye kununua anataka kilemba juu yake.

Lakini je, kila kupanda kwa bei ni dhulma? Hapa tusiende mbio. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye akakataa, akichelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa yuko mtu anayemdai haki ya damu au ya mali. Mwenye mali ana haki ya kutaja bei yake, nawe una haki ya kupita njia yako. Gemu si unga wala si dawa ya malaria. Hakuna mtoto wa Songea aliyelala na njaa kwa kukosa Mario Kart.

Kilichoharamishwa ni kuficha. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika fungu la nafaka, akakuta unyevu ndani. Mwenyewe akajitetea kwamba ilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Basi tupime kwa kipimo hicho. Mwaka 2019 kampuni ya EA iliuza FIFA 20 kwa mashine ya Nintendo Switch, ikasema waziwazi kwamba mchezo ni uleule wa mwaka uliotangulia, na kilichobadilika ni jezi na vikosi. Huyo ameiweka nafaka iliyolowa juu. Aliyenunua kisha akalia, aililie nafsi yake. Lakini gemu ya The Crew ya kampuni ya Ubisoft, iliyotoka mwaka 2014, ilizimwa mwishoni mwa Machi 2024, na waliokwisha kuilipia hawakuweza kuicheza tena, kwa kuwa ilitegemea mitambo ya kampuni. Walidhani wamenunua, kumbe walikuwa wamepanga bila ya kuambiwa siku ya kuhama! Huko Ulaya ombi la kupinga mwenendo huu lilivuka saini milioni moja mwezi Julai 2025. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayomlazimu muuzaji wa vitu vya kidijitali amweleze mnunuzi kwamba anachopata ni leseni tu. Watu hao si Waislamu, lakini wameikaribia sana hukumu ya lile fungu la nafaka, na hatuoni haya kulisema hilo.

Sasa tuje kwenye nakala. Je, khiyana ya muuzaji huhalalisha khiyana ya mnunuzi? Hapana. Mtume (s.a.w.) ametuagiza turudishe amana kwa aliyetuamini, na tusimfanyie khiyana hata yule aliyetufanyia khiyana. Wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walipokutana Kuwait Desemba 1988 waliamua kwamba haki za utunzi, za uvumbuzi na za alama za biashara ni mali yenye thamani inayolindwa na sharia, na haifai kuzivamia. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 1999 kuhusu hakimiliki nayo inamlinda mtunzi.

Wapo wanaosema kwamba kampuni hizo ni za matajiri, tena si Waislamu. Hoja hii tumeisikia humu humu msikitini. Surat al-Maida, aya ya 8, inatuonya kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Na tujitazame wenyewe: kanda za mawaidha na vitabu vinavyouzwa nje ya misikiti yetu, ni vingapi vilivyonakiliwa kwa idhini ya wenyewe? Tukimkataza kijana wa kibanda, tumkataze na huyo.

Enyi vijana, hamkulazimishwa kununua kipya. Mpira wa miaka miwili nyuma una magoli mawili yaleyale. Diski halisi iliyokwisha kutumika ni halali kuinunua na kuiuza. Gemu ya eFootball ya Konami imekuwa ikitolewa bila malipo ya kuanzia tangu mwaka 2021. Andikeni mlangoni kwamba mpira mlio nao ni wa mwaka fulani, ili mteja aingie akijua.

Lipo jambo lililotusumbua zaidi, na kwa ridhaa ya mwenyewe tunalisema. Mmoja wa vijana hawa alikuwa amekabidhiwa na baba yake fedha ya mbolea ya kukuzia, naye alikusudia kuitumia kwa mashine mpya, akitumaini kuirudisha kabla ya mvua. Mahindi hayamngoji mtu arudishe fedha. Tumemtaka aipeleke kwa baba yake kama ilivyo, na amweleze alichotaka kuifanyia. Ameipeleka juzi.

Limebaki swali la mechi ambayo anayefungwa ndiye anayewalipia wote wawili. Linagusa kamari, na vijana wenyewe wametofautiana juu yake. Hilo tutalijibu mwezi ujao, inshaallah.