Tunaondoka na Watoto
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mjini Unguja)



Katibu aliponiandikia alinitaka niseme maneno machache juu ya safari yangu. Habari alikwisha kuipata barazani kabla sijamwambia mwenyewe, kama ilivyo desturi ya mji huu. Basi ni kweli. Mimi, mke wangu na watoto wetu watatu tunahamia Msumbiji, katika mkoa wa Niassa, kufundisha hesabu na kulitumikia Kanisa. Mwenzetu mmoja tuliyekaa naye dawati moja hapa skuli alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe mishenari? Mishenari gani anayekula urojo kila jioni Forodhani?"

Nami nilicheka, maana hata kichwani mwangu mishenari alikuwa ni Mzungu mwenye ndevu ashukaye melini. Askofu Tozer na Dokta Steere walifika Unguja mwaka 1864, baada ya wenzao waliotangulia Magomero, kule Shire, kumalizwa na homa. Habari hizo mnazijua, na kanisa la Mkunazini mnalipita kila siku, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Sitawachosha. Lakini wako wamishenari wengine waliotoka hapa hapa Unguja, tena na wake zao na watoto, na hao hawatajwi sana. Ndio ninaotaka kuwazungumza, kwa sababu mwaka huu wote nimekuwa nikiwafikiri usiku.

Nendeni Mbweni, kusini ya mji. Shamba lile lilinunuliwa na misheni mwaka 1871, na hapo wakawekwa watu waliokombolewa majahazini. Walipewa viwanja, wakajenga, wakaoana, wakazaa. Mwezi wa Oktoba 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa Askofu, alichukua watu wapatao hamsini kutoka Mbweni, wanaume kwa wanawake, akavuka nao mpaka Lindi, na kutoka Lindi wakaenda kwa miguu na wapagazi wao na mizigo ya nguo za merikani, kwa kuwa merikani ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Nia ilikuwa kufika Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, mwezi wa Novemba, wakaona ardhi njema, wakatua. Mji ule wa Kikristo wa Masasi ulianzishwa na watu wa Unguja. Nilipokuwa mwanafunzi hapa sikulijua jambo hilo, na sidhani kwamba mwalimu wangu wa historia alilijua.

Mkisoma vitabu vya misheni mtaambiwa kwamba watu hawa walikuwa wanarudishwa kwao. Neno hilo ni rahisi mno. Mtu aliyenyakuliwa akiwa mdogo, akakua Mbweni, akasema Kiswahili, akasali kwa Kiswahili, kwao ni wapi? Na mtoto aliyezaliwa Mbweni, asiyemjua babu wala bibi wa bara, yeye anarudi wapi? Mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Wengine waliuawa na wengine walichukuliwa mateka, watu waliokwisha kukombolewa mara moja. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu.

Kisha yuko Cecil Majaliwa. Huyu alikuwa Myao, akaletwa Unguja mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani, na baadaye Canterbury huko Uingereza. Mkewe, Lucy Mgombeani, alilelewa Mbweni. Mwaka 1886 Majaliwa alifanywa shemasi, na mwaka huo huo akapelekwa Chitangali, upande wa Newala, kwa mtawala wa Wayao aliyeitwa Nakaam. Alikwenda na Lucy na watoto. Mwaka 1890 aliitwa Unguja akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akarudi tena Chitangali. Alikaa huko zaidi ya miaka kumi, na kazi yake ilisifiwa na kila aliyeiona. Ninapomfikiri Majaliwa namwona vizuri. Alikuwa na wito wake, na lugha ya Kiyao ilikuwa lugha ya mama yake. Ninayemfikiri zaidi ni Lucy, akifunga mizigo Mbweni, akiamua sufuria gani ibaki.

Nasi tumekuwa tukifunga mizigo tangu Januari. Fomu niliyopewa na ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kurasa sita: imani yangu, elimu yangu, afya yangu, kama naweza kuendesha gari. Mwisho kabisa palikuwa na mstari mmoja, "Idadi ya wategemezi". Nikaandika 4. Nilipompa mke wangu aisome alikaa kimya kitambo, akasema, "Basi mimi ni nne na hawa." Nilimwelewa.

Liko jambo la homa. Sisi watu wa visiwa hivi tumeisahau. Tangu yapata mwaka 2008 wanaopatikana na vijidudu vya malaria hapa Zanzibar, watu wanapopimwa kwa ujumla, hawafiki mmoja katika mia. Ni neema kubwa, lakini mtoto aliyekulia bila ya malaria mwili wake haujajifunza kupambana nayo, na Niassa malaria ipo mwaka mzima. Daktari alituambia waziwazi: chandarua chenye dawa kila usiku, na mtoto akipata joto apimwe siku ile ile, msingoje kesho. Mdogo wetu ana mwaka mmoja. Wale wa Magomero walikwenda bila ya kujua kwamba homa inaletwa na mbu. Sisi tunajua, na tunakwenda na mtoto wa mwaka mmoja. Sijui ni lipi zito zaidi.

Lakini lililotushinda halikuwa homa. Binti yetu mkubwa ana miaka tisa. Siku mama yake alipompa binamu yake baiskeli, alisimama mlangoni akauliza, "Mimi nimeulizwa na nani?" Hakulia. Angelia tungembembeleza, na mambo yangekwisha. Usiku ule mke wangu aliniambia, "Amesema kweli, baba watoto. Mimi umeniuliza, nami nimekubali. Yeye hakuulizwa."

Tukafikiri kumwacha kwa bibi yake Kikwajuni, aendelee na skuli yake. Wengi wenu mlilelewa na bibi zenu, na mmekuwa watu wazima wenye akili zao, au karibu wote. Bibi mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema, "Nitamlea, sioni taabu. Lakini kila boti ikipiga honi bandarini atatoka barazani kutazama. Mimi siwezi kumwona hivyo kila siku."

Basi tunakwenda naye. Ila tumewekeana ahadi, na nimeiandika kwa mkono wangu katika daftari lake nikatia saini: baada ya miaka miwili ataulizwa, na jibu lake litahesabiwa. Akisema hapana, turudi. Mkubwa wangu mmoja katika Kanisa hakulipenda jambo hili. Aliniuliza kama wito wa Mungu unapigiwa kura na mtoto wa darasa la tatu. Sikuwa na jibu zuri siku ile, na leo pia sinalo. Ninachojua ni kwamba saini ni yangu.

Masheikh wetu waliopo hapa wasidhani haya ni ya Wakristo peke yetu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwalimu aliyewafundisha wengi wa kisiwa hiki, alihamia Kenya akawa Kadhi Mkuu. Wanazuoni wa Unguja wamekuwa wakihama kwa ajili ya dini zama na zama, na nyuma ya kila mmoja ipo nyumba iliyohamishwa.

Huko skuli husomeshwa kwa Kireno, na hilo lilimtia hofu binti yetu kuliko yote. Jumamosi moja nilimchukua mpaka Ngome Kongwe, nikamwambia kwamba kabla ya Waarabu wa Oman kujenga ngome hii hapa palikuwa na kanisa la Wareno, na kwamba ngome yenyewe baadaye ilikuwa gereza. Nikamwambia "gereza" ni neno lao la kanisa lililopotea njia. Akacheka. Nikamwongezea "meza", "bendera" na "leso". Alihesabu kwa vidole, akasema, "Basi manne nayajua." Tangu siku ile anauliza kila neno kama ni la Wareno. Jana aliniuliza juu ya urojo.

Tunapanda boti mwezi ujao. Tungeweza kupita Njombe, lakini tumechagua njia ya kusini, Lindi mpaka Masasi, tulale Masasi usiku mmoja watoto wapaone, kisha Tunduru, Songea, na kuvuka Ruvuma. Mke wangu ameomba tupite Newala pia kama gari itakubali.

Nina ombi moja kwenu. Kama yupo kati yenu mwenye kitabu cha kujifunzia Kireno, hata kimechakaa, nakiomba, kwa sababu nilichonacho ni cha watu wazima na binti ananinyang'anya. Nitakuwa pale karibu na mlango wakati wa chai.