Spika za Pembeni na Udugu wa Sauti

Mfumo wa sinema ya nyumbani, yaani mkusanyiko wa runinga, kipaza sauti chenye njia nyingi kinachojulikana kama risiva, na spika tano au zaidi zinazopangwa kumzunguka mtazamaji, kwa kawaida hununuliwa kwa kuangalia mambo mawili ambayo hayana uzito unaodhaniwa, nayo ni wingi wa wati na ukubwa wa maboksi. Jambo linaloamua kwa hakika iwapo spika hizo zitajenga mazingira mamoja ya sauti, au zitabaki vipande vitano visivyojuana, ni ulinganifu wa spika za pembeni na zile za mbele, na jambo hilo ndilo linalochunguzwa katika maoni haya.

Ulinganifu unaokusudiwa si wa umbo wala wa rangi ya kabati. Kinachotakiwa kulingana ni kile ambacho wataalamu wa akustika, yaani elimu ya mwenendo wa sauti, hukiita rangi ya sauti: ile sifa inayomwezesha mtu kutambua kwamba noti moja, yenye kimo kilekile na nguvu ileile, imepigwa kwa udi na si kwa fidla, kama inavyosikika katika kikundi chochote cha taarab. Tofauti hiyo hutokana na mitetemo ya juu inayoandamana na mtetemo wa msingi, ambayo kila ala huitoa kwa uwiano wake yenyewe. Spika haikukusudiwa kuwa ala, kwani kazi yake ni kurudisha kilichorekodiwa bila kuongeza wala kupunguza, lakini hakuna spika iliyofikia ukamilifu huo. Kila moja hutilia mkazo sehemu fulani ya sauti na kuififisha nyingine, na kwa njia hiyo huacha alama yake juu ya kila kinachopita ndani yake.

Historia inaeleza kwa nini ushauri wa zamani kuhusu spika za pembeni haufai tena. Wazo la kumzungushia mtazamaji sauti ni kongwe, kwani mwaka 1940 studio ya Walt Disney ilionyesha filamu ya Fantasia katika baadhi ya kumbi za Marekani kwa mfumo ulioitwa Fantasound, ambao ulitumia spika nyingi ili muziki ulioongozwa na Leopold Stokowski uweze kuhama kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Majumbani, hata hivyo, teknolojia ya Dolby Surround iliyoingia mwaka 1982 ilikuwa na njia moja tu ya sauti za pembeni, nayo ilikatwa kwenye hezi 7,000, hezi ikiwa ni kipimo cha idadi ya mitetemo kwa sekunde, ilhali sikio changa lenye afya husikia hadi karibu hezi 20,000. Kwa kuwa kilichopelekwa pembeni kilikuwa zaidi mvumo wa upepo, mvua na mwangwi, spika yoyote ndogo ilitosha, na mafundi waliosema hivyo walikuwa sahihi kwa wakati wao. Hali ilibadilika baada ya kuja kwa Dolby Digital, ambayo sinemani ilianza na filamu ya Batman Returns mwaka 1992, kisha ikaenea majumbani pamoja na diski za DVD. Mfumo huo una njia 5 kamili, kila moja ikijitegemea na kubeba upeo wote wa sauti, pamoja na njia ya ziada ya besi pekee inayoishia hezi 120, na ndiyo maana huandikwa 5.1.

Tangu hapo mtengenezaji wa filamu anaweza, hata majumbani, kukitoa kitu kimoja mbele, kukipitisha ubavuni mwa mtazamaji na kukipeleka nyuma yake. Katika Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, iliyotoka mwaka 1979 na ambayo sauti yake ilisanifiwa na Walter Murch, mlio wa helikopta huzunguka ukumbi mzima tangu mwanzo wa filamu, na nguvu ya tukio hilo inategemea msikilizaji kuamini kwamba helikopta ni ileile moja. Iwapo spika za mbele zina sauti laini na zile za pembeni zina sauti kali, helikopta hiyo itabadilika ghafla inapovuka bega la mtazamaji, na akili, ambayo ni nyepesi mno kugundua mabadiliko ya namna hiyo, itaacha kufuata filamu na kuanza kusikiliza maboksi.

Asili kubwa ya rangi ya sauti ya spika ni twita, kile kipaza kidogo kinachotoa sauti za juu, pamoja na jinsi kinavyokabidhiana kazi na koni kubwa iliyo chini yake. Twita yenye kuba la kitambaa laini, yenye kuba la alumini au titani, na ile iliyowekwa ndani ya pembe, yaani mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta, hutofautiana katika namna ya kutawanya sauti chumbani, kwa maana ya kiasi gani cha sauti kinakwenda moja kwa moja kwa msikilizaji na kiasi gani kinakwenda kwanza ukutani. Kwa sababu hiyo jina la kampuni peke yake si dhamana, kwani kampuni moja huweza kutengeneza aina tatu au nne zenye twita tofauti kabisa, na spika ya bei nafuu ya kampuni ile isiwe na udugu wowote na spika yake ya bei ghali. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuchagua ndani ya aina moja ya toleo moja, ambamo spika za sakafuni, za rafuni na ya katikati zimejengwa kwa twita ileile na kusanifiwa pamoja.

Ukubwa, kwa upande wake, hauhitaji kulingana. Risiva nyingi huweza kuondoa sauti zilizo chini ya kiwango fulani, ambacho mara nyingi huwekwa kwenye hezi 80, na kuzipeleka kwenye spika ya besi ambayo wengi huiita sabufa. Na kwa kuwa sikio hutambua kwa shida mahali zinapotoka sauti nzito kiasi hicho, spika ndogo ya rafuni huweza kuandamana vizuri na kaka yake mrefu wa sakafuni. Hata usikivu, yaani kiwango cha sauti ambacho spika hukitoa kwa nguvu ileile ya umeme, unaweza kutofautiana kwa kiasi, mradi risiva isawazishe viwango. Lakini ikumbukwe kwamba kila upungufu wa desibeli 3 unadai nguvu maradufu, kwa hiyo spika ya desibeli 86 inahitaji wati mara nne ya zile zinazohitajiwa na spika ya desibeli 92 ili kufikia sauti ileile. Namba kubwa zinazoandikwa kwenye maboksi madukani, hasa zile zenye herufi PMPO, hazina kanuni ya upimaji inayokubalika, na mnunuzi anafanya vyema kuzipuuza kabisa.

Spika inayostahili kulinganishwa kwa uangalifu kuliko zote ni ya katikati, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno ya filamu hutoka humo na kila mwendo kutoka kushoto kwenda kulia hupitia hapo. Zile za pembeni hufuata, na hapa sikio lenyewe linatoa nafasi kidogo, kwani sehemu ya nje ya sikio huchuja sauti kulingana na upande inakotoka, hata spika mbili pacha, moja mbele na nyingine ubavuni, zisisikike sawa kabisa. Wapo wanaotumia ukweli huu kudai kwamba ulinganifu wa pembeni ni bure, lakini hoja hiyo haisimami: uchujaji wa sikio ni jambo ambalo ubongo umelizoea tangu utotoni na hulisahihisha bila juhudi, ilhali kasoro ya spika ngeni ni jambo la nje ambalo ubongo haulijui.

Vivyo hivyo, programu za kusahihisha sauti zilizomo katika risiva za kisasa, ambazo hupima chumba kwa maikrofoni ndogo na kupandisha au kushusha sehemu za sauti, zina manufaa ya kweli lakini zina mpaka. Zinaweza kurekebisha kinachofika mahali palipopimwa. Haziwezi kubadili namna twita inavyotawanya sauti chumbani, na kwa hiyo hazigeuzi spika mbili zisizo na nasaba kuwa ndugu.

Chumba nacho kina neno lake. Sebule nyingi za mijini Afrika Mashariki zina kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae na madirisha mapana ya vioo, nyuso ambazo hurudisha sauti za juu kwa ukali, na mara nyingi upande mmoja una ukuta huku mwingine ukifunguka kwenye sehemu ya kulia chakula. Katika hali hiyo spika pacha zitasikika tofauti, na zulia pamoja na mapazia mazito vitasaidia kuliko kununua spika nyingine. Mahali pa kuziweka spika za pembeni pamependekezwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano kuwa nyuzi 100 hadi 120 kutoka mstari wa mbele, yaani ubavuni na nyuma kidogo ya mtazamaji.

Ulinganifu huo unaweza kupimwa bila kifaa cha gharama, kwa sababu risiva nyingi hutoa sauti ya majaribio, mvumo mfululizo unaohama kutoka spika moja hadi nyingine. Viwango vikishasawazishwa, msikilizaji aigeukie kila spika kwa uso wake wote, ili uchujaji wa sikio usimpotoshe, na asikilize kama mvumo unabadilika tabia au unabadilika mahali tu. Asiyeweza kununua spika zote tano kwa mkupuo anashauriwa kuanza na tatu za mbele za toleo moja, kisha asikawie kuzitafuta zile za pembeni, kwani viwanda hubadilisha matoleo kila baada ya miaka michache, na toleo jipya huweza kubaki na jina lilelile huku twita yake ikiwa nyingine.