Dawa za Moyo: Usiziache Kimyakimya

Mama na baba mnaotusikiliza Bunia, kuanzia Mudzipela hadi Sukisa: aliyepata mshtuko wa moyo hurudi nyumbani na dawa kadhaa. Aspirini yake ni ya miligramu 75 au 100, si ile ya 500 ya kutuliza kichwa. Kifua kikitulia, pesa zikipungua, wengi huacha. Hapo ndipo hatari! Atenololi ikikatwa ghafla, moyo unaweza kushtuka tena. Enalaprili ikileta kikohozi kikavu, rudi kwa daktari akubadilishie. Mgongo ukiuma, usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni, hata jirani azisifu vipi. Beba vidonge vyote, na miti shamba pia (usione haya), mfamasia avikague. Bei ikikushinda, mwambie. Huenda ipo dawa ileile ya bei nafuu.