Kuchagua Mimea ya Uwanja wa Hekalu: Udongo, Upepo na Jirani

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani, Mombasa, katika maadhimisho ya hekalu letu



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya mimea ya mapambo itakayopandwa katika uwanja wetu, sasa ambapo ukumbi mpya umekamilika. Mimi si mtaalamu wa mimea. Masomo yangu yalikoma kidato cha nne, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kuuza saruji, mabati na rangi. Lakini bustani hii nimeisimamia kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huo nimeua mimea mingi kuliko niliyoikuza. Nitawaeleza niliyojifunza kwa hasara, ili hekalu lisiilipe bei hiyo mara ya pili.

La kwanza ni udongo. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Ukichimba kidogo tu, mtaimbo unagonga mwamba. Udongo ulio juu yake ni mwembamba, haushiki maji, na una chokaa nyingi. Tena uwanja wa hekalu umejengwa mara kadhaa, na kila fundi aliyepita ameacha nyuma yake saruji na vifusi ambavyo huongeza chokaa hiyo. Mmea usiopenda chokaa hauwezi kusitawi hapa hata ukimwagiliwa asubuhi na jioni.

Mfano ni ua wa iksora tulioupanda mbele ya lango. Kitaluni ile miche ilikuwa ya kijani kibichi na maua yake mekundu. Baada ya miezi michache majani machanga yakawa ya manjano, mishipa yake tu ikabaki kijani. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Kisha nikadhani ni njaa, nikaongeza samadi. Kumbe iksora hupenda udongo wenye asidi, na chokaa ikizidi ardhini huyafunga madini ya chuma yasifike mizizini. Chuma kimo udongoni, lakini mmea hauwezi kukitumia. Anayeipenda iksora na aipande katika chungu kikubwa chenye mboji, mbali na vumbi la saruji.

Yuko mtu aliyetufundisha somo hili kwa kiwango kikubwa kuliko bustani yetu. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki jiwe tupu. Alijaribu aina 26 za miti, na ni tatu tu zilizostahimili. Mvinje ndio uliofungua njia, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Majani yake makavu yalipogoma kuoza, walitumiwa majongoo, wakayatafuna yakawa mboji. Leo pale pana msitu. Bwana Haller hakuanza kwa kuuliza ni mti gani mzuri wa kutazama. Aliuliza ni mti gani utakaokubali kuishi pale.

La pili ni upepo na maji. Upande wetu wa mashariki haukingwi na jengo lolote, na upepo wa bahari huleta chumvi inayochoma majani laini. Bogenvilia huustahimili upepo huo, na kadhalika plumeria, ambayo sisi Wagujarati twaiita champo, na mkadi. Bogenvilia hutaka jua la kutwa na maji ya kiasi. Ukiimwagilia kila siku itakupa majani mengi na rangi haba, lakini ukiiacha iumwe na kiu kidogo, ndipo inaponawiri. Champo nayo huangusha majani wakati wa ukame. Mwaka mmoja kijana wetu aliona matawi yako uchi, akadhani mti umekufa, akaukata. Tafadhali msiukate. Ungojeeni mvua.

Kupanda kuanze mvua za masika zinapoingia, ili mizizi ipate miezi ya kushuka kabla ya jua la kaskazi. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, na kabla ya kupanda mlijaze maji. Yakikaa mpaka kesho yake, ujue chini kuna jiwe lililoziba, na lazima livunjwe kwa mtaimbo. Maji tunayanunua kwa malori, wenzangu. Kila mmea usiohitaji maji mengi ni fedha iliyobaki katika sanduku la hekalu.

Hapa nitaje habari ya nyasi. Miaka kadhaa iliyopita tuliona aibu kwa ukoka uliokuwa umeenea uwanjani. Tukaajiri vibarua wakaung'oa wote, tukatandaza nyasi pana za kununua kama zile za hoteli. Zilikunywa maji ya malori kwa miezi, kisha Januari zikakauka zikawa kama mkeka. Ilipofika Ganesh Chaturthi, bibi mmoja akaja na sahani yake ya puja, akaniuliza, "Bhai, dhro iko wapi?" Dhro, au durva, ndiyo nyasi anayotolewa Ganesh, nayo ndiyo ukoka ule ule tulioulipia ung'olewe. Tulikwenda kuomba konzi mbili kwa jirani, kando ya bomba lake. Tangu siku hiyo ukoka umerudi uwanjani, na hakuna anayeuonea haya.

La tatu ni jua na kivuli. Tulsi, ambayo majirani zetu wataitambua kuwa ni nduguye mrihani, hutaka jua la saa sita kwa siku au zaidi, na chungu chenye matundu chini. Tulsi nyingi ninazoletewa zikiwa mahututi zimeuliwa na mapenzi: kila mwenye nyumba anapita na lota yake ya maji, mizizi inaoza. Mwagilieni udongo wa juu unapokauka, na mkwanyue vishada vya maua kabla havijakomaa, mmea upate kuchipua upya. Asumini nao hutoa maua kwa kadiri ya jua unalolipata, na hupogolewa baada ya kuchanua. Krotoni huishi kivulini, lakini rangi zake hufifia. Varandani pasipofika jua kabisa, pandeni mkonge wa mapambo wenye majani marefu ya mistari, usioomba mengi.

Na maua ya ibada je? Galgota, lile ua la rangi ya chungwa tunalolitungia mashada, hupandwa kwa mbegu na kuchanua baada ya miezi miwili hivi. Watoto wa darasa la Jumapili wanaweza kulitunza wenyewe. Maua yaliyokwisha kutolewa madhabahuni tusiyatupe baharini pamoja na nyuzi na mifuko yake. Tutenganishe nyuzi, maua yaende katika shimo la mboji, nayo yarudi kwenye mimea. Ningependa pia vijana wajue kwamba galgota na champo, ambayo twayaona kuwa ya Uhindi tangu kale, asili yake ni Amerika, na kwamba mwarobaini, ambao kila mtu wa pwani huuona wake, ulivuka bahari kutoka Uhindi. Bustani ya mji wa bandari haina mwenyeji wala mgeni.

La nne ni usalama. Oleanda, ambayo twaiita karen, ni nzuri, inastahimili chumvi, na wengi huitoa kwa Bwana Shiva. Lakini kila sehemu yake ina sumu: jani, ua, tawi na hata mbegu. Ile ya manjano ni vivyo hivyo. Tulikuwa nayo karibu na chumba cha watoto wadogo mpaka mama mmoja alipomkuta mwanawe akitafuna kijiti. Mtoto alinusurika, tukashukuru, na oleanda ikang'olewa siku ile ile. Sasa iko nyuma ya jengo, ndani ya ua uliofungwa. Vile vile, visahani vya chini ya vyungu vimwagwe maji kila wiki. Homa ya dengi imewahi kuzuka katika mji huu, na mbu wake huzaliana katika maji machache safi. Mbu aliyelelewa hekaluni hang'ati Wahindu peke yao.

La mwisho, nalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa, ni ukubwa wa mti.

Mwaka 1988, mama yangu alipofariki, nilipanda mti wa pipal kwa jina lake. Piplo ni mti mtukufu kwetu. Nilichagua pembe ya uwanja ili kila aingiaye auone, hatua tatu tu kutoka ukuta wa jirani. Sikuuliza mtu. Pipal ni wa jamii moja na mkuyu, na mwenye kuujua mkuyu anajua mizizi yake huenda wapi: hufuata maji. Ulikua, ukatoa kivuli, nami kila Jumamosi nilikuwa nikiumwagilia maji na kumkumbuka mama. Chini ya ardhi mizizi ilikuwa imevuka mpaka, ikapasua ukuta wa mzee jirani yetu na kuingia katika birika lake la maji ya mvua.

Mzee yule alinyamaza kwa miaka. Kila mwaka alilifumba birika kwa saruji, na saruji yenyewe aliinunua dukani kwangu, asiniambie ni ya nini. Siku alipokuja hatimaye, alisema kwa upole, "Bhai, mti wenu umefika kwangu, nami maji ya kuugawia sina." Nilimjibu kwamba mti mtukufu haukatwi. Katika vikao vya halmashauri niliutetea kwa muda wa miaka miwili, na wengi mliniunga mkono kwa ajili ya heshima ya mama. Mwishowe nilikwenda kuliona birika kwa macho yangu. Lilikuwa tupu, na mizizi imelala sakafuni mwake kama kamba za jahazi. Nilijiuliza: mama yangu, ambaye hakupata kumnyima mtu kata ya maji, angefurahi kukumbukwa namna hii?

Tulifanya puja, tukauomba mti radhi, kisha ukakatwa. Miche miwili iliyokuwa imejiotea katika ufa wa ukuta ule ule niliing'oa kwa mkono na kuikuza katika vyungu. Mmoja ulikufa. Wa pili umepandwa katika uwanja wetu wa kuchomea maiti, penye nafasi, mita 25 kutoka kila ukuta. Birika la jirani tulilitengeneza upya. Mzee aliporudishiwa maji yake, aliniletea vipandikizi vya asumini kutoka uani kwake, akasema hivyo mizizi yake haivunji kitu. Ndivyo vilivyoota katika pembe ile hivi leo. Mzee sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Wajukuu zake wamo humu ukumbini.

Nasimulia haya kwa sababu najua wapo wafadhili wanaotaka kupanda safu ya michikichi mirefu ya mapambo kando ya ukuta wa mashariki, kila mti na kibao cha jina. Nia yao ni njema, kama ilivyokuwa yangu. Ninachoomba halmashauri ipitishe ni mambo matatu. Kwanza, asipande mtu mti wa kumbukumbu bila kutaja utakavyokuwa baada ya miaka 20, kimo chake na mizizi yake. Pili, karibu na kuta tupande mimea midogo tu, na anayetaka mti mrefu achague mwashoki, asopalav yetu, ambao husimama wima kama nguzo na kutupatia majani ya kupamba milango siku za sikukuu, nao pia usisogezwe ukutani. Tatu, kabla ya shimo kuchimbwa mpakani, jirani wa upande huo aonyeshwe mchoro na aulizwe. Wahenga walisema udongo uwahi uli maji. Mche nao huhamishwa ungali mdogo.

Na kwenu majirani zetu: asumini wa pembeni ni wenu kama ulivyo wetu. Akina mama zetu wanatunga veni za nywele, nanyi mnatunga vikuba, na ua ni lile lile. Lango litakuwa wazi kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni. Njooni mchume, ila mtuachie ya puja ya asubuhi.