Mshahara wa Kutosha ni Shilingi Ngapi?

(Mazungumzo ya redio ya juma lililopita, kama yalivyosomwa hewani)



Siku chache zilizopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi, fundi mitambo wetu, alinisubiri nje ya studio mpaka nilipomaliza kusoma taarifa ya habari. Aliniamkia shikamoo mara mbili, nikajua ana jambo. Akasema, "Kaka, mwakani nataka kuoa. Naomba uniambie kitu kimoja tu. Mtu anatakiwa apate shilingi ngapi kwa mwezi ili yeye na familia yake waishi kwa raha?"

Nilicheka. Nikampa jibu la watu wazima wasiotaka kufikiri. Nikamwambia, "Riziki mafungu saba, kijana. Wewe oa tu, Mungu atajaza." Mwenzangu hakucheka. Alisema, "Kaka, mwenye nyumba wangu hapokei mafungu saba. Anapokea kodi ya miezi sita kwa mpigo."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo nilirudi nayo nyumbani kwenye daladala, yakinikera njia nzima. Mimi nina zaidi ya miaka ishirini ya kupokea mshahara, lakini sikuwa na jibu. Tulipokwisha kula, nikamwita mama watoto, nikachukua daftari la mtoto lenye kurasa tupu, tukakaa mezani kuhesabu.

Tulianza na kile kinachojulikana na wote. Siku ya Mei Mosi mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Singida kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Makofi yalipigwa, na yalistahili kupigwa. Lakini mfanyakazi hapeleki sokoni mshahara wa makofi. Anapeleka unaobaki. Toa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, yaani 25,000. Toa asilimia 3 ya bima ya afya, yaani 15,000. Toa kodi ya mapato, 16,400. Kinachofika mkononi ni shilingi 443,600, na hapo hana mkopo wowote unaokatwa juu kwa juu.

Kisha tukachukua familia kama tulivyokuwa sisi zamani tulipokuwa tumepanga vyumba viwili Mbagala: baba, mama na watoto watatu. Tukaiwekea bei za mwaka 2025 za soko letu na mtaa wetu. Nakuomba, ndugu msikilizaji, uhesabu pamoja nami.

Kodi ya vyumba viwili, 60,000 kila kimoja, ni 120,000. Chakula, mama watoto alisema 10,000 kwa siku. Mimi nikasema ni nyingi. Akanitazama, akaanza kutaja: unga, mchele, maharage, dagaa, mchicha, nyanya na vitunguu, mafuta ya kula ya kupima, sukari na maandazi ya asubuhi. Nyama Jumapili tu. Nikanyamaza, tukaandika 300,000. Mkaa na gesi, 40,000. Maji na umeme, 30,000. Nauli ya baba, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, pamoja na nauli za wanafunzi wawili, ni kama 80,000. Sabuni, mafuta ya kujipaka, dawa ya meno, vocha ya simu na vikorokoro vingine, 35,000.

Mwisho shule. Ni kweli kwamba ada ilifutwa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa, na sisi tuliolipiwa ada kwa kuuza mbuzi tunalijua. Lakini sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana na masomo ya ziada havikufutwa. Tukaandika 45,000.

Jumla: shilingi 650,000.

Nilitazama ile 650,000, nikatazama ile 443,600. Pengo ni 206,400 kila mwezi. Na katika hesabu hiyo hakuna aliyeugua, hakuna aliyefiwa, hakuna aliyenunua hata kitenge kimoja, na bibi kijijini hajatumiwa hata senti.

Ndugu msikilizaji, swali la yule kijana si geni duniani. Mwaka 1899, katika mji wa York huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Seebohm Rowntree, wa ukoo wa watengenezaji chokoleti, alifanya hesabu kama ile tuliyoifanya mezani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1901. Aliona kuwa familia ya baba, mama na watoto watatu ilihitaji shilingi 21 na peni 8 za Kiingereza kwa juma. Lakini alikuwa mkweli. Alieleza kuwa hizo ni fedha za kuupa mwili nguvu ya kufanya kazi, basi. Ndani yake hamna nauli ya basi, hamna stempu ya kumwandikia barua mtoto aliye mbali, hamna sadaka ya kanisani, wala hamna gazeti. Ajabu ni kwamba tangu siku hizo watu wamekuwa wakiichukua hesabu ya kuponea na kuiita hesabu ya kuishi.

Hata kwetu mambo ni hayo hayo. Utafiti wa serikali wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ni kama shilingi 1,644 kwa siku, kwa bei za wakati ule. Mstari huo una kazi yake. Unatuonyesha nani yuko shimoni. Lakini aliyeuvuka kwa shilingi mia hajafika kwenye raha. Ametoa kichwa tu nje ya shimo. Wazee wetu walikuwa na neno lao kwa kipato cha namna hiyo: kijungujiko.

Sasa nifike mahali penyewe. Nilimuuliza mama watoto, "Enzi zile Mbagala, mshahara wangu haukufikia hata nusu ya mahitaji haya. Mbona tuliishi?" Hakujibu. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari jingine, la jalada gumu, limechakaa pembeni. Akaniwekea mbele yangu.

Lilikuwa daftari lake la miaka hiyo. Barafu alizowauzia watoto wa shule. Sambusa. Upatu wa akina mama kumi, na zamu yake ya kupokea. Deni kwa Mangi, lililolipwa, lililokopwa tena. Kushona suruali, kupunguza gauni, kutia zipu. Nilifunua kurasa taratibu. Kila mwezi ambao mimi nilijisifu kwa rafiki zangu kuwa "mshahara wangu unatutosha," chini kulikuwa na mstari mwingine wa kujazia.

Kisha nikafika kwenye ukurasa mmoja ulioandikwa: "Hospitali, mtoto. Cherehani imeuzwa."

Nilikumbuka. Mimi nilikuwa mkoani kikazi. Niliporudi, mtoto alikuwa amepona, na cherehani haikuwapo mahali pake. Nilipouliza, niliambiwa iko kwa fundi. Nikaridhika. Ndugu msikilizaji, cherehani ile ilikaa kwa fundi miaka yote hiyo, nami sikuuliza tena. Na mwezi ule ule, naikumbuka vizuri kadi, nilikuwa nimetoa mchango wa harusi ya mtu ambaye leo tukipishana njiani hatusalimiani. Nilitaka jina langu lisomwe katika orodha ya kamati. Lilisomwa.

Nilimuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akasema, "Ungefanya nini, baba watoto? Ungeona aibu tu. Na aibu haitibu homa."

Hapo ndipo nilipopata jibu la yule kijana. Familia haiishi kwa raha kwa sababu inakula nyama kila siku au ina makochi ya kuzama. Inaishi kwa raha pale ambapo homa ya mtoto haiuzi cherehani. Tofauti kati ya kuponea na kuishi ni ile siku mbaya: ikija, inakula akiba, au inakula kitendea kazi? Aliyeuza kitendea kazi ameuza na mapato ya miezi inayokuja, na ndiyo maana ukata ukishaingia ndani hauoni mlango wa kutokea.

Basi tukarudi kwenye hesabu. Juu ya ile 650,000 tuliongeza 100,000 ya wazazi, misiba na michango isiyokwepeka, maana Mswahili haishi peke yake. Tukaongeza 100,000 nyingine ya akiba ya siku mbaya na ya kodi ile ya miezi sita, ambayo kwa nyumba hiyo ni 720,000 kwa mpigo. Jumla ni shilingi 850,000 mkononi. Kwa mwajiriwa wa kampuni anayekatwa asilimia 10 ya hifadhi ya jamii na kodi ya mapato, hiyo ni kama milioni moja na laki moja kwenye karatasi ya mshahara. Hii ni hesabu ya watu watano katika vyumba viwili Dar es Salaam. Wa Songea au Singida atakuwa na yake, na mwenye nyumba yake mwenyewe atafuta kodi.

Najua wengi mnaonisikiliza mmeguna. Hata mimi niliguna. Wengi wetu hatuipati fedha hiyo kwa mshahara wa mtu mmoja, na tunaishi. Lakini tusidanganyane kuwa tunaishi kwa miujiza. Kuna mtu anajazia, na aghalabu mtu huyo haitwi mfanyakazi, hana karatasi ya mshahara, na siku ya Mei Mosi haandamani. Usione vyaelea, vimeundwa. Waajiri wanapopanga mishahara wajue kwamba sehemu ya gharama yao inalipwa na muuza sambusa. Na sisi akina baba tujue hivyo hivyo.

Juzi nilimwita yule kijana nikampa ile karatasi ya hesabu. Aliisoma, akakuna kichwa. "Kaka, mimi sina hata nusu." Nikamwambia, "Wengi hawana, na mtaanza wawili, si watano. Lakini kabla ya kamati ya harusi kukaa, kaeni ninyi wawili. Mwonyeshe karatasi yako ya mshahara, naye akuonyeshe chake. Anzeni na daftari moja."

Kwetu sisi daftari sasa ni moja. Mstari wa kwanza, juu kabisa, mama watoto hakuuandika. Niliuandika mimi: cherehani. Tunaweka kidogo kidogo. Imechelewa, lakini deni ni deni.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo. Usiku mwema.